Kabla ya Kupiga Picha, Piga Hodi

 

Baada ya darasa la kina mama la juma lililopita, mama mmoja alibaki nyuma wenziwe walipokwisha kutoka. "Maalim," alisema, "mwanangu wa miaka 17 ameletewa kamera na mjomba wake aliyeko Dubai. Tangu siku hiyo hashiki kitabu. Alfajiri yuko Bandari ya Kale, alasiri yuko Marikiti, usiku amejiinamia juu ya simu akihesabu watu waliopendezwa na picha zake. Nimwache au nimnyang'anye?"

Tulimwambia atupe muda wa juma moja, tumjibu katika ukurasa huu ili na wengine wafaidike. Hatukumwambia sababu ya pili ya kuomba muda. Swali lake lilitugusa mahali panapouma, kwa kuwa maradhi ya mwanawe tunayo na sisi, na tumekuwa nayo kwa zaidi ya miaka 30.

Kamera yetu ya kwanza nayo ililetwa na jamaa aliyetoka ng'ambo. Ami yetu alirejea kutoka Jiddah alikokuwa akifanya kazi, akatuletea Yashica iliyokwisha tumika, pamoja na mkoba wake wa ngozi. Tulikuwa bado wanafunzi wa madrasa, na fedha hatuna. Filamu moja ilikuwa na nafasi ya picha 36. Filamu ilinunuliwa, kusafishwa kukalipiwa, na kila picha ikalipiwa tena kuchapishwa. Kwa hivyo mtu alitazama sana na kubonyeza kidogo. Pengine tulizunguka Mji wa Kale asubuhi nzima, kutoka Ndia Kuu hadi Kibokoni, tukarudi nyumbani na picha 3. Kijana wa leo hupiga 300 kabla ya kunywa chai.

Twayasema haya si kwa kumcheka kijana. Uraibu huu una kheri nyingi. Humfundisha mtu kuamka mapema, kutembea, kutulia, na kuyaona yale ambayo wengine huyapita: namna nuru ya asubuhi inavyoshuka ukutani, mzee anavyoifunga kilemba, watoto wanavyogombania kivuli. Apendaye kupiga picha za watu katika maisha yao ya kila siku, bila kuwapanga wala kuwaambia wacheke, huupenda mji wake kwa mapenzi mapya. Mama aliyetuuliza asidhani kwamba mwanawe amepotea kwa sababu tu ameshika kamera.

Tena kamera si elimu ya kigeni tuliyoiazima. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra kiasi cha mwaka 965 na kufariki Misri kiasi cha mwaka 1040, aliandika Kitab al-Manadhir juu ya nuru na kuona. Baadhi ya wanafalsafa wa Kiyunani walisema kwamba jicho hutoa miale inayokwenda kukigusa kitu. Yeye alibainisha kinyume chake: nuru hukipiga kitu, ikatoka katika kitu hicho, ikaingia jichoni. Alifanya majaribio katika chumba cha giza chenye tundu dogo, akaona nuru ya taa zilizo nje ikijichora ukutani mwa ndani. Kamera yoyote, iwe ya simu au ya bei ya gari, ni chumba hicho cha giza chenye tundu.

Elimu hii ina funzo la adabu ndani yake. Picha ya mtu haianzi kwa mpiga picha; yaanza kwa yule apigwaye. Nuru iliyoingia ndani ya kamera imetoka usoni mwake. Mwenye kamera ameipokea tu, na kilichopokewa kutoka kwa mwenzio ni amana.

Ama hukumu ya picha yenyewe, wanavyuoni wamehitilafiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika risala akieleza kwamba picha ya kamera ni kukizuia kivuli, mithili ya taswira iliyomo kiooni, wala si kuumba sura. Wengine, akiwemo Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudi Arabia, waliikataza isipokuwa kwa dharura. Sisi twafuata kauli ya kwanza, na anayeifuata ya pili twamheshimu. Lakini hata aliyeihalalisha kamera hakuhalalisha kila kinachofanywa kwayo. Kisu ni halali. La kuuliza ni kimechinja nini, na kwa idhini ya nani.

Swali hilo la idhini tulilijua vitabuni kabla hatujalijua kwa uchungu. Tutasimulia tulivyolijua, ingawa kisa chenyewe si cha kujisifu.

Miaka kadhaa iliyopita tulinunua lenzi ndefu ya milimita 200, tukawa na hamu nayo kama mtoto na kiatu cha Idi. Asubuhi moja, jua limekwisha kuchomoza, tulisimama upande wa pili wa njia katika mtaa mmoja wa Mji wa Kale. Mwanamke mmoja alikuwa barazani akichoma mahamri ya kuuza. Seredani ilikuwa ikiwaka, moshi wa mafuta ulipanda kutoka karaini, na joto lilikuwa limemlazimisha kuulegeza mtandio wake hadi mabegani. Aliinua ncha ya leso kujipangusa jasho. Hapo jua likapenya baina ya nyumba mbili, likamwangukia usoni, nasi tukabonyeza. Yeye hakujua.

Hatujapata kupiga picha nzuri kuliko ile. Usiku tuliiweka katika kundi la wapenda picha tulilojiunga nalo mtandaoni, tukaipa jina "Subira". Watu wa nchi tusizozijua waliisifu. Huyu alisifu nuru, yule alisifu moshi. Tulilala tumejaa furaha.

Siku ya nne picha ile ilikuwa ndani ya simu ya shemeji yake. Tusilolijua ni kwamba mwanamke yule alikuwa amefiwa na mumewe, na alikuwa katika mwezi wa tatu wa eda. Wakweze walisema hajamaliza eda, naye yu barabarani kichwa wazi akijionesha kwa ulimwengu. Wakataka watoto wake wawili wachukuliwe wakalelewe kwao.

Habari ilipotufikia tulikwenda kwake tukifuatana na ahli yetu. Alizungumza nasi akiwa nyuma ya pazia. Tulitarajia kilio au matusi, na yote mawili tuliyastahili. Alisema kwa sauti ya chini: "Maalim, kupigwa picha si kitu. Kilichoniuma ni kwamba ulisimama pale, ukaniona, na hukunitolea salamu. Lau ungesema assalaamu alaykum, ningevuta mtandio wangu. Yote haya yasingekuwa."

Hatukuwa na jibu. Tuliosomesha Suratun Nur miaka 20 tulikosa neno la kumwambia mjane.

Kutoka hapo tulimwendea mkubwa wa ukoo wa marehemu. Tulimweleza kwamba hatukuja kama kadhi bali kama wakosaji. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wametaja kwamba mwenye eda ya kufiwa aweza kutoka mchana kwa haja yake, kama kununua chakula na mfano wa hayo, maadamu usiku analala nyumbani kwake. Na ni nani mwenye haja kuliko mjane mwenye watoto wawili wanaongoja kula? Kosa halikuwa la aliyetoka kutafuta riziki. Lilikuwa la mwenye kamera. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Maalim, picha nimeiona mimi, na dereva wa tuktuk ameiona. Utawaendea wote?"

Alhamdulillahi, watoto walibaki na mama yao. Lakini hadi leo wapo jamaa wasiomwamkia. Sisi tuliifuta picha katika kundi, tukaifuta katika kompyuta, tukaifuta katika kadi ya kamera. Miezi michache baadaye tuliikuta katika ukurasa wa mtu tusiyemjua. Jina letu limeondolewa, na lile la "Subira" limebadilishwa. Sasa imeitwa "Uzuri wa Afrika". Mzee alisema kweli. Hatukuweza kuwaendea wote.

Turudi sasa kwenye Suratun Nur. Katika aya ya 27 Mwenyezi Mungu anawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe idhini na wawatolee salamu wenyewe. Sisi watu wa pwani tumeitia amri hiyo katika maisha yetu mpaka imekuwa tabia. Hakuna mtoto wetu asiyejua kupiga hodi. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mtu mmoja alichungulia tunduni mwa nyumba ya Mtume, naye Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa na kitana cha chuma mkononi. Alimkemea kwa ukali, akabainisha kwamba idhini imewekwa kwa sababu ya macho. Mguu haukuingia ndani. Jicho ndilo lililoingia, nalo likahesabiwa limeingia.

Basi tundu la kamera ni tundu, na lenzi ndefu ni njia ya kuchungulia.

Yuko atakayesema kwamba barabara si nyumba, na anayetoka nje amekubali kuonekana. Hoja hii ina uzito, na nchi nyingi zimeijengea sheria zao. Lakini kuonekana ni jambo moja na kuhifadhiwa ni jambo jingine. Mpita njia hukuona, akasahau kabla hajafika pembeni. Kamera haisahau, na mtandao hausahau wala hausamehe. Yule mama alikuwa tayari kuonekana na watu 30 wa mtaani wanaonunua mahamri yake, wanaomjua na kujua msiba wake. Hakuwa tayari kuonekana na maelfu wasiomjua.

Mafundi wakubwa wa sanaa hii nao waliuhisi uzito huo, japo hawakuusema. Henri Cartier-Bresson wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1908 na kufariki mwaka 2004, ndiye ambaye wapiga picha wa barabarani humtaja kama imamu wao. Alitumia kamera ndogo ya Leica, akazifunika sehemu zake zinazong'aa kwa utepe mweusi ili watu wasimtambue. Kitabu chake cha mwaka 1952 kiliwafunza wengi kuingojea nukta moja ambayo kila kitu hukaa mahali pake. Lakini mtu huyu aliyezipiga nyuso za watu wa nchi nyingi hakupenda kabisa uso wake upigwe picha, na mara nyingi aliufunika mbele ya kamera za wengine. Hatumdharau, kazi yake tumejifunza kwayo. Twasema tu kwamba alichokihifadhi kwa ajili ya nafsi yake kilikuwa haki ya wengine pia.

Na uko uso mmoja ambao karibu kila mwenye kupenda picha ameuona. Mwaka 1984, katika kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh karibu na Peshawar, Pakistani, mpiga picha wa Marekani Steve McCurry alimpiga picha msichana wa Kiafghani wa umri wa kama miaka 12. Mwezi Juni 1985 picha hiyo ilikuwa juu ya jalada la jarida la National Geographic, na macho yale ya kijani yakajulikana dunia nzima. Jina lake halikujulikana kwa miaka 17. Alipopatikana mwaka 2002, akiwa mke na mama, ilibainika kwamba anaitwa Sharbat Gula, na kwamba picha ile yeye mwenyewe alikuwa hajapata kuiona. Ni kweli kwamba iliwafanya wengi wawakumbuke wakimbizi wa Afghanistan, na hilo ni jema. Lakini yeye mwenyewe alikuja kusema kwamba ilimletea matatizo kuliko manufaa. Hebu tafakari, ewe mama unayesoma: ukuta wa nyumba ya mgeni una uso wa binti yako, na wewe hujui.

Tuje sasa kwenye makundi ya mtandaoni, kwa kuwa hayo ndiyo yanayomkosesha kijana usingizi. Insafu inataka tutaje mema yake kwanza. Mengi tuyajuayo tumefunzwa na watu tusiowajua sura, bila malipo. Kwa mfano, kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kanzu wala buibui. Hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina rangi ya wastani, kama kijivu. Ukikielekeza kwenye safu za waumini wenye kanzu nyeupe siku ya Idi, hupunguza mwanga, na kanzu hutoka kama zilizofuliwa kwa maji ya tope. Ukikielekeza kwenye mabuibui, huzidisha mwanga, na weusi hupauka. Tulihangaika na jambo hili miaka, mpaka Muislamu mmoja wa Indonesia alipotuandikia katika kundi: penye weupe mwingi ongeza mwanga hatua moja, penye weusi mwingi punguza hatua moja. Mwenyezi Mungu amlipe kheri.

Lakini makundi hayo yana mlango wa riya ulio wazi usiku na mchana. Imam Bukhari alikifungua kitabu chake kwa hadithi ya nia, na mpiga picha ana haja nayo kila abonyezapo. Kijana huanza kwa kupenda nuru. Kisha huanza kupenda "laiki", kama wanavyoziita. Kisha huacha kupiga anachokiona, akapiga kile anachojua kitapendwa. Ndiyo maana picha za pwani yetu zimekuwa moja: punda wa Lamu, mzee mwenye makunyanzi, na mwanamke wa buibui akipita mbele ya mlango wa nakshi. Huyo mwanamke si mwanamke tena katika picha hiyo. Ni doa jeusi lililowekwa ili mlango upendeze. Hana jina, hana anakokwenda, wala haulizwi. Wageni wakitufanyia hivyo twalalamika. Sasa vijana wetu wenyewe wawafanyia shangazi zao.

Kuna mwanamke aliyetuonesha kwamba picha yaweza kupigwa bila kusubiri sifa. Vivian Maier alikuwa yaya wa watoto katika mji wa Chicago, Marekani. Kwa miaka mingi alitembea na kamera ya Rolleiflex kifuani, akapiga zaidi ya picha 100,000 za barabarani, na karibu hakumwonesha mtu. Nyingi hata hakuzisafisha. Mwaka 2007 masanduku yake yalipigwa mnada kwa kuwa ghala alimoyaweka halikulipwa. Alifariki mwaka 2009, na mwaka huo huo aliyenunua sehemu ya kazi zake alizionesha katika mtandao wa Flickr, dunia ikastaajabu. Kutoka kwake twachukua mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba alipenda kuona kwa ajili ya kuona. La pili ni kwamba hata yeye, picha zake zilitolewa hadharani bila mtu kumuuliza, kwa kuwa hakuwepo tena wa kuulizwa.

Serikali nayo imelizingatia jambo hili. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazilinda habari za mtu binafsi, ambazo ndani yake mna picha anayotambulika. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza skuli moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi wao.

Lakini kabla ya sheria hizo, mama zetu walikwisha kuweka yao. Wangapi kati yenu mna sanduku lenye albamu ya picha za studio ambazo hazijapata kutundikwa ukutani? Mama alikwenda studio kwa hiari yake, akajipamba, akakaa anavyotaka, picha ikarudi mkononi mwake, naye ndiye aliyeamua nani aione. Na leo katika harusi zetu, bibi harusi anapotolewa mbele ya wanawake wenziwe, nyumba nyingi huziacha simu mlangoni. Wapo vijana wanaoona huo ni ushamba. Sisi twaona ni elimu: waliijua thamani ya uso kabla ya kamishna.

Basi jibu letu kwa mama aliyetuuliza ni hili: usimnyang'anye kamera. Mpe adabu yake, na adabu hiyo ni hodi.

Mwambie aanze na lenzi fupi, ya milimita 35 au 50, na lenzi ndefu aiweke kwa ndege na majahazi. Lenzi fupi haimpi nafasi ya kuchungulia. Ili apate uso wa mtu lazima amkaribie, na akimkaribia lazima amwamkie. Atakwambia kwamba mtu akijua anapigwa picha hubadilika, na ni kweli. Dawa yake ni muda. Aombe idhini, kisha aketi barazani, anunue kahawa, azungumze. Baada ya nusu saa watu huizoea kamera kama wanavyomzoea paka.

Nukta ikipita ghafla naye akaipiga kabla ya kuomba, basi amwendee mwenyewe papo hapo, amwoneshe, amuulize. Akikataa, aifute mbele ya macho yake. Mtoto asipigwe bila mzazi wake kujua. Mwenye msiba, mwenye maradhi, na mwenye kuomba sadaka wasipigwe kwa ajili ya sifa. Dhiki yao si pambo la mtu. Na idhini ya kupigwa si idhini ya kuoneshwa. Hizo ni hodi mbili, na ya pili ina mlango mzito zaidi. Amuulize: naweza kuiweka mtandaoni, waione watu tusiowajua?

Jingine, mwangalie simu yake. Picha nyingi hubeba ndani yake tarehe na saa, na ikiwa huduma ya mahali imewashwa, hubeba hata pahali zilipopigwa. Picha ya dada yake akianika nguo yaweza kumwonesha mgeni nyumba yenu ilipo. Huduma hiyo izimwe katika kamera ya simu.

Na mwisho, mama, mtake akuletee picha moja kila Ijumaa, iliyochapishwa kwenye karatasi, na akueleze aliyemo anaitwa nani. Ikiwa hajui jina lake, hakupiga hodi. Akijua majina ya wachukuzi wa Marikiti na wavuvi wa Bandari ya Kale, kamera itakuwa imemfunza jambo ambalo darasa letu huenda lisingemfunza.

Yule mama wa mahamri bado yuko barazani pake, na watoto wake sasa wanasoma. Baadhi ya siku twampitia baada ya jua kuchomoza. Twatoa salamu tukiwa mbali bado, ili apate nafasi ya kuvuta mtandio. Hutuitikia. Twanunua mahamri 10, tukaenda zetu. Kamera huwa mkobani, na mkoba umefungwa. Hajapata kutuambia tuitoe, wala sisi hatujapata kuomba.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azisitiri aibu zetu kama tupendavyo kusitiriwa, na atujaalie tuwe wenye kuzisitiri za wenzetu. Amin.